Kiota katika ua wa kayaba: Jinsi mvua na wadudu wanavyoamua uzazi wa ndege wa Nairobi

Na MWANDISHI WETU

Usiku ule mvua kubwa ya kwanza ya masika ya 2024 ilipokatika, kumbikumbi walituvamia. Mkazi yeyote wa Kangemi, Kawangware au Dagoretti anaijua hali hiyo. Taa ya veranda hugeuka kuwa soko, milango hufungwa kwa haraka, na bado mabawa hayakosi kuelea ndani ya kikombe cha chai. Watoto wa ploti yetu walitoka na karai la maji wakaliweka chini ya balbu. Jirani mmoja, mwenyeji wa Kakamega, alichota sufuria nzima na kuahidi kwamba kesho yake tungeonja. Alitimiza ahadi. Walikuwa watamu, ingawa chumvi ilizidi.

Lakini walioamka mapema zaidi kuja kula masazo hawakuwa watu. Kabla ya magari ya Waiyaki Way kuanza kunguruma vilivyo, kurumbiza wawili walikuwa tayari wanarukaruka uani, vifua vyao vya rangi ya chungwa vikionekana wazi katika mwanga hafifu. Mbwigu alikuwa juu ya waya wa stima, akishuka chini na kupanda tena kama mtu anayelipwa kwa kila safari. Tiva, yule ndege mweusi mwenye tumbo jeupe ambaye dume na jike huimba kwa kupokezana hadi ukadhani ni ndege mmoja, aliingia kutoka kwenye ua wa kayaba na kutoka na mdomo uliojaa.

Siku kumi hivi baadaye mwanangu, ambaye yuko Gredi ya Nne, alikuja mbio jikoni. Ndani ya ua huo huo, kiasi cha kimo cha kiuno chake, alikuwa ameona kiota. Kilikuwa kikombe cha vijiti, majani makavu na nyuzi za mizizi, na ndani yake mlikuwa na mayai mawili yenye madoadoa. Mwenyewe alikuwa kurumbiza.

Habari hiyo njema ilikuja siku mbaya. Msimamizi wa ploti alikuwa amekwisha kutangaza kwamba ua ungekatwa wiki ile, kwa kuwa mwenye ploti alikuwa anakuja na hapendi kukuta kayaba imeota ovyo. Nilimwendea.

"Mzee, tuachie wiki nne tu. Kuna ndege amelalia mayai."

"Mama, ndege huyo halipi kodi," alinijibu, huku akicheka. Hakusema ndiyo, wala hakusema la. Alikwenda zake na panga lake, na kwa siku kadhaa zilizofuata kila nilipotoka kazini nilishuka kwenye matatu nikiangalia kwanza kama ua bado umesimama.

Ni kisa hicho kilichonifanya nianze kuuliza maswali ambayo, nakiri, sikuwa nimeyafikiria katika miaka yote niliyoishi hapa Nairobi. Kwa nini ndege huyu alichagua Aprili? Kwa nini mayai mawili tu? Na mvua ile, ambayo ilimletea kumbikumbi, je, ingemwacha alee?

Dakika tisa na saa tisa

Tuanze na swali la wakati. Katika nchi za Ulaya jibu ni rahisi. Huko ndege huongozwa na mwanga. Mjini London, siku ndefu zaidi mwezi Juni huishinda siku fupi zaidi ya Desemba kwa karibu saa tisa za mwanga. Siku zinapoanza kurefuka mwanzoni mwa mwaka, mwili wa ndege hupata habari, viungo vya uzazi vikaanza kukua, na dume akaanza kuimba hata kabla majani hayajachipua.

Nairobi iko kama digrii moja na robo kusini mwa ikweta. Hapa tofauti kati ya siku ndefu zaidi na siku fupi zaidi ni dakika tisa hivi. Dakika tisa katika mwaka mzima! Hata wewe msomaji hukuwahi kuzitambua. Sasa ndege atajuaje kwamba Aprili inakaribia?

Swali hili liliwahi kupelekwa mbali sana. Kando ya Ziwa Nakuru huishi ndege mdogo ambaye dume lake lina kichwa cheusi, doa jeupe shingoni na baka la rangi ya kutu kifuani. Hupenda kukaa juu ya kijiti au nguzo ya ua akivizia wadudu. Wataalamu humwita Saxicola. Watafiti Eberhard Gwinner na John Dittami waliwachukua ndege hao kutoka Kenya hadi Andechs, nchini Ujerumani, wakawafuga ndani ya vyumba ambamo mwanga haukubadilika mwaka mzima, chakula hakikupungua, na joto lilikuwa lile lile. Hakukuwa na masika wala vuli. Hata hivyo ndege wale waliendelea, mwaka baada ya mwaka, kuingia katika hali ya uzazi na kutoka, kunyonyoka manyoya na kuotesha mapya, ingawa mzunguko wao ulipishana na miezi 12 ya kalenda. Matokeo hayo yalichapishwa 1990 katika jarida la Science. Maana yake ni kwamba ndege wa ikweta ana kalenda yake ndani ya mwili.

Kalenda inayopishana lakini ni kama saa ya ukutani inayokimbia: lazima kitu fulani kiirekebishe. Mwaka 2012 kundi jingine la watafiti, likiongozwa na Wolfgang Goymann, lilionyesha kwamba ndege wa aina hiyo hiyo anaweza kuirekebisha kwa kufuata saa ya jua kuchomoza na kuzama. Urefu wa siku haubadiliki sana hapa kwetu, ni kweli, lakini saa ya mapambazuko hubadilika. Mwanzoni mwa Novemba jua la Nairobi huchomoza mapema, kama saa kumi na mbili na dakika kumi hivi. Katikati ya Februari huchelewa hadi kama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Wanafunzi wanaosubiri basi la shule gizani mwezi Februari watanielewa.

Hivyo kalenda ya ndani humwambia ndege: jiandae. Lakini haimwambii: taga leo. Kauli hiyo ya mwisho huachiwa mvua, au kwa usahihi zaidi, huachiwa chakula ambacho mvua hukileta.

Njia ya mvua hadi mdomoni

Nairobi ina misimu miwili ya mvua. Masika huanza Machi hadi Mei, na Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi. Vuli huanza Oktoba hadi Desemba. Katikati yake kuna ukame wa Januari na Februari, na ile baridi ya mawingu ya Juni hadi Agosti ambayo hutufanya tutafute sweta zilizosahaulika. Kila msimu unapokaribia, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, yenye makao yake pale Dagoretti Corner, hutoa utabiri wake. Ndege naye, bila ofisi, hufanya kazi hiyo hiyo.

Mvua ikishuka, wa kwanza kutoka ni kumbikumbi, maana walikuwa tayari ndani ya kichuguu wakingoja udongo ulainike. Hao ni karamu ya siku chache. Wana mafuta mengi, nao humsaidia ndege jike kujenga mwili baada ya ukame. Kisha majani mapya huchipua. Nondo na vipepeo hutaga juu ya majani hayo machanga, mayai huanguliwa, na baada ya wiki kadhaa viwavi wanakuwa tele. Nyasi zinarefuka, panzi wadogo wanaongezeka. Ardhi iliyolowa huleta juu nyungunyungu na mabuu. Siafu nao huanza safari zao, wakiwafukuza mende na buibui kutoka mafichoni, na kurumbiza wamejifunza kuwafuata pembeni kama wachuuzi wanaofuata umati wa mpira.

Sasa hesabu ni hii. Kujenga kiota huchukua siku kadhaa. Kulalia mayai huchukua wiki mbili au zaidi kidogo. Makinda hukaa kiotani kama wiki mbili nyingine. Ndege akitaka makinda wake wawe na njaa kali zaidi wakati viwavi wamejaa zaidi, hana budi kuanza mapema, mara tu dalili za mvua zinapoonekana. Akingoja mpaka aone chakula tele ndipo atage, makinda wataanguliwa karamu ikiwa inamalizika.

Na njaa ya makinda si mchezo. Kinda wa kurumbiza huzaliwa akiwa uchi na kipofu. Kwa muda wa wiki mbili lazima mwili huo uote manyoya na kupata nguvu za kutoka kiotani. Hilo haliwezekani kwa makombo ya ugali. Anahitaji protini laini, na kiwavi ni kama nyama isiyo na mfupa. Hata mnana na shomoro, ambao wakubwa wao hula mbegu, huwalisha makinda wao wadudu katika siku za mwanzo. Yule mnana wa manjano mwenye mgongo mweusi anayejenga peke yake katika bustani za Lavington na Kileleshwa amezidi wenzake: hata akiwa mkubwa chakula chake kikuu ni wadudu.

Kuna kitabu kinachojulikana sana na wataalamu wa fani hii, kiitwacho "The Breeding Seasons of East African Birds", cha Leslie Brown na P. L. Britton, kilichotolewa jijini Nairobi 1980 na Chama cha Historia ya Asili cha Afrika Mashariki. Waandishi hao walikusanya kumbukumbu za viota kutoka kila pembe ya eneo hili, mwezi kwa mwezi. Ukikipitia utaona kwamba uzazi wa ndege wanaokula wadudu katika nyanda zetu za juu husongamana kando ya misimu miwili ya mvua, huku ndege wengine, kama wawindaji wakubwa, wakiwa na mpango wao tofauti.

Nilipokuwa nikijifunza haya, ua ulikuwa bado umesimama. Msimamizi hakusema lolote, lakini nilimwona siku moja akiinama kuchungulia.

Kwa nini mawili tu?

Katika ukumbi wa hosteli ya chuo, rafiki yangu mmoja aliwahi kuwa na kalenda yenye picha ya ndege wa Uingereza akiwa na mayai tisa kiotani. Nilidhani ni mapambo ya mchoraji. Kumbe si mapambo. Ndege mmoja mdogo wa misitu ya huko, Parus major, hutaga mayai saba, manane au tisa bila shida. Kurumbiza wetu hutaga mawili au matatu. Tiva hivyo hivyo.

Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, Tanganyika, kuanzia 1928, ni miongoni mwa watu wa kwanza kulichunguza jambo hili kwa makini. Mwaka 1944 alichapisha makala marefu akilinganisha idadi ya mayai ya ndege wa Afrika na wa kwingineko. David Lack wa Uingereza akaja na maelezo katika miaka ya 1940 kwamba ndege hutaga mayai kulingana na idadi ya makinda anayoweza kuwalisha. Ulaya mchana wa kiangazi ni mrefu, viwavi hutokea kwa wingi wa ghafula, basi wazazi huweza kulisha watoto wengi. Huku kwetu mchana ni saa 12, na wadudu, ingawa wapo mwaka mzima, hawafuriki kwa kiasi kile.

Alexander Skutch, aliyeishi Costa Rica, hakuridhika. Yeye alisema tatizo ni maadui. Kila mzazi anapokwenda kiotani na chakula, huwaonyesha nyoka, kunguru na nyani mahali kilipo. Makinda wachache, safari chache, usalama zaidi. Mjadala huo haujaisha mpaka leo, na kwa maoni yangu ya mtu wa pembeni, yeyote aliyewahi kuona kunguru wa Westlands wakikagua miti mmoja baada ya mwingine atamwelewa Skutch. Tiva mwenyewe, pamoja na uimbaji wake wa kupendeza, si malaika. Akipata mayai au makinda ya ndege wadogo huwala.

Faida ya ndege wa hapa ni kwamba ana nafasi ya pili. Kiota cha Aprili kikiharibika, anaweza kujenga kingine Mei. Masika ikimtupa, kuna vuli. Na kinda akishatoka kiotani, wazazi wa nchi za joto huendelea kumlea kwa muda mrefu kuliko wenzao wa Ulaya, ambao baridi inawaharakisha.

Katikati ya jiji

Usidhani kwamba mambo haya ni ya mitaa yenye bustani peke yake. Siku moja saa ya chakula cha mchana kaa katika bustani ya Jeevanjee, au simama kando ya maegesho ya magari, uangalie chini badala ya juu. Utamwona ndege mweusi na mweupe, mwembamba, anayetembea kwa haraka huku akitikisa mkia bila kupumzika. Huyo hula nzi na vidudu vidogo juu ya lami, juu ya nyasi fupi, hata juu ya mapaa. Hujenga kiota chake katika mianya ya majengo, mahali ambapo karani wa ghorofa ya tatu hawezi hata kukiona.

Mbayuwayu wa miamba, wenye rangi ya kahawia, wamegeuza kuta za majengo kuwa majabali yao. Wao hujenga kwa tope, punje moja moja, chini ya kingo za zege. Kwao mvua ni fundi na pia ni mpishi. Bila dimbwi hakuna tope, na bila tope hakuna nyumba. Tunapofunika kila sehemu ya jiji kwa saruji tunasema tumeondoa matope, na kwa mtu aliyevaa viatu vya ofisi ni jambo la kushukuru. Mbayuwayu ana maoni mengine.

Kisha kuna wageni. Kuanzia Oktoba mbayuwayu wa Ulaya hufika na kuwinda juu ya jiji hadi Aprili. Hawazai hapa, wanakula tu na kubadilisha manyoya, lakini chakula cha Afrika ndicho huamua wangapi watarudi kuzaa kwao. Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitoka Afrika Magharibi. Ukame ulipoikumba Saheli mwishoni mwa miaka ya 1960, ndege mmoja mdogo mla-wadudu, Sylvia communis, ambaye hupitisha baridi huko, alipungua nchini Uingereza kwa kama robo tatu kati ya 1968 na 1969. Waingereza walikuwa wakitafuta kosa katika mashamba yao, kumbe kosa lilikuwa mvua isiyonyesha Senegali na Mali.

Mvua inapozidi

Turudi kwenye ua wetu. Mayai yaliangua katikati ya Aprili. Mwanangu alipiga hema kwa mbali, yaani aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwa na daftari la hesabu, akiandika kila safari ya mzazi. Jumamosi moja aliandika safari 23 kwa saa moja na nusu. Tulimkataza kusogea karibu, kwani mzazi akitishwa mara nyingi huweza kukiacha kiota.

Kisha ikaja wiki ya mwisho ya Aprili. Sote tunakumbuka. Usiku wa kuamkia tarehe 24, mvua ilipiga Nairobi kwa namna ambayo mito ilifurika, barabara zikakatika, na wakazi wa Mathare na mitaa mingine ya kandokando ya mito wakapoteza nyumba na wapendwa wao. Mafuriko ya msimu ule yaliua zaidi ya watu 200 kote nchini. Mbele ya msiba kama huo ni vigumu kuandika habari za kinda wa ndege, na sitaki mtu adhani naviweka kwenye mizani moja.

Lakini ndani ya ua wetu kulikuwa na somo, nalo ni hili: mvua ambayo ni baraka kwa ndege mla-wadudu hugeuka adui inapozidi. Wadudu wenye mabawa hawaruki katika mvua kubwa. Viwavi husombwa kutoka kwenye majani. Mzazi akienda kutafuta chakula, makinda walio uchi hupigwa na baridi. Akibaki kuwafunika, wanakufa njaa. Hana chaguo jema. Ndege wanaowinda hewani, kama mbayuwayu na teleka, huumia zaidi, kwa sababu wao hawawezi kufukua majani wala kuparua udongo.

Asubuhi ya tarehe 25 tulikuta kinda mmoja amekufa. Mwingine alikuwa hai, amelowa, na mdomo wake bado ulifunguka kila ua ulipotikisika. Kwa bahati mvua ilipungua mchana, na ardhi iliyolowa ilikuwa imetoa nyungunyungu wengi. Jike alikuwa akiwaleta wakining'inia mdomoni kama tambi.

Kinda yule aliyebaki alitoka kiotani siku ya Leba Dei. Alikaa juu ya kamba ya nguo, mwenye madoadoa ya kahawia, bila mkia wa maana, akionekana kama mtu aliyeshushwa kwenye kituo asichokijua.

Ukosefu wa mvua una ukatili wake pia, ila ni wa polepole. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika maeneo makavu ya kaskazini na mashariki mwa Kenya. Katika hali kama hiyo ndege wengi hawatagi kabisa, au hutaga na kuacha. Katika kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, Dustin Rubenstein na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia kwezi maridadi, wale wenye tumbo la rangi ya chungwa na mgongo wa buluu unaong'aa, tangu 2001. Ndege hao hula wadudu na huzaa katika misimu yote miwili. Hawalei peke yao: ndugu, na hata wasio ndugu, husaidia kuleta chakula kiotani. Mwaka 2007 Rubenstein na Irby Lovette walionyesha kwamba miongoni mwa kwezi wa Afrika tabia hii ya kulea kwa ushirika imeenea zaidi kwa wale wa savana, ambako mvua haitabiriki. Wakati usiojulikana umewafundisha kufanya harambee.

Fleti, dawa na mti wa mugumo

Wazungu sasa wana tatizo jingine ambalo linaanza kutuhusu. Katika msitu wa Wytham karibu na Oxford, ambako viota vimehesabiwa tangu 1947, ndege wale wa mayai tisa sasa hutaga kama wiki mbili mapema kuliko miaka ya 1960, kwa sababu joto limefanya viwavi watangulie. Wao wamefaulu kukimbizana na wakati. Lakini Uholanzi, ndege mmoja msafiri arudiye kutoka Afrika Magharibi alikuta karamu imekwisha, na 2006 watafiti waliripoti kwamba katika misitu ambako viwavi hutangulia zaidi, idadi yake ilikuwa imeshuka kwa asilimia 90 hivi katika miaka ishirini.

Hapa Nairobi mashaka ni tofauti. Mvua zetu zimekuwa za kuruka: leo ukame, kesho gharika. Ndege mwenye misimu miwili anaweza kuvumilia hilo kwa muda, mradi awe na mahali pa kujenga na wadudu wa kulisha. Na hapo ndipo mitaa ya magharibi inaponitia wasiwasi. Kileleshwa na Lavington, zilizokuwa nyumba moja katika nusu ekari na miti ya matunda nyuma, sasa ni fleti za ghorofa kumi na zaidi zenye maegesho ya matofali. Nyasi iliyobaki hunyunyiziwa dawa ili watoto wasiumwe na siafu. Dawa hiyo haibagui kiwavi na siafu. Mti wa mapambo kutoka ng'ambo unaweza kuwa wa kijani mwaka mzima na usiwe na kiwavi hata mmoja, kwa sababu nondo wa hapa hawaujui.

Ndiyo maana nilifurahi Novemba 2020 wakati mugumo mkubwa wa Waiyaki Way, Westlands, unaosemekana kuwa na umri wa karibu miaka mia moja, uliponusurika kukatwa kupisha barabara ya Expressway. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza uachwe. Mti huo si kivuli tu. Ndani ya matunda yake huishi nyigu wadogo sana, na juu ya matawi yake kuna kundi zima la wadudu na wale wanaowala. Miti mingine mingi ya barabara hiyo haikubahatika.

Bado kuna pa kukimbilia. Arboretum, iliyoanzishwa 1907, iko mwendo mfupi tu kutoka katikati ya jiji. Msitu wa Ngong Road uko mlangoni mwa Dagoretti. Na kwa familia inayotaka kujifunza, kuna matembezi ya kila Jumatano asubuhi ya kuangalia ndege yanayoanzia kwenye Makumbusho ya Taifa. Yalianza 1971, na Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa miaka mingi. Wakati wa likizo, wanafunzi hujiunga.

Sauti tatu za kushuka

Kuna ndege mmoja sijamtaja, ingawa kila mkazi wa mitaa hii amemsikia. Mvua inapokaribia, husikika kutoka mitini sauti tatu zinazoshuka, moja baada ya nyingine, alfajiri, mchana, hata usiku wa manane, mpaka unatamani kumtupia kiatu. Huyo ni kekeo wa kifua chekundu. Wengi humwita ndege wa mvua. Hula viwavi, hata wale wenye nywele ambao ndege wengine huwaogopa, na hajengi kiota. Jike hutaga katika kiota cha mwingine, na anayemwonea zaidi ni kurumbiza. Kinda wa kekeo akianguliwa huwasukuma nje mayai au watoto wa mwenye nyumba, akalelewa peke yake na wazazi wasio wake, ambao ni wadogo kuliko yeye.

Ua wetu ulikatwa hatimaye Julai 2024, wakati wa baridi, kiota kikiwa kitupu. Msimamizi alikuja mwenyewe kuniuliza kama ndege wamekwisha kuhama. Aprili 2025, mvua iliporudi, kurumbiza walijenga tena, hatua tatu hivi kutoka mahali pa zamani. Mwanangu alichungulia mara moja tu, kama tulivyokubaliana, akarudi akiwa na uso wa mashaka. Kulikuwa na mayai matatu. Mawili yalikuwa na madoadoa. La tatu lilikuwa kubwa kidogo na la kahawia tupu.

"Mama, tulitoe?"

Msimamizi wa ploti alikuwa amesimama nyuma yetu, ameegemea fagio lake. Yeye ndiye aliyejibu kwanza. Alisema tuliache, kwa kuwa hata huyo wa kahawia ametumwa na mvua ile ile. Mwanangu hajakubaliana naye mpaka leo.